Ragtime haikimbizwi

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwezi wa nne najifunza "Maple Leaf Rag" ya Scott Joplin, mtunzi Mmarekani wa ragtime, muziki wa piano wenye noti zinazokwepa mapigo. Polepole naipiga vizuri, ila nikifika kasi ninayoisikia kwenye video, mkono wa kushoto unakosa funguo na kigasha kinauma. Jamaa mmoja mtandaoni anashauri niongeze kasi ya metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kila siku, eti mwili utazoea. Niendelee, au nitafute noti zilizorahisishwa?

Jibu: Marahaba. Usiendelee, na noti usibadilishe. Mkono wako hauna kosa. Kosa ni la hiyo video.

Swali hili naletewa kila mara, na sijui nani aliwaambia watu kwamba ragtime ni mbio. Joplin mwenyewe alilikataa jambo hilo kwa maandishi. Vipande vyake kadhaa vilichapishwa na onyo kwamba visipigwe haraka, na kwamba kuipiga ragtime haraka si sawa hata siku moja. Mwaka 1908 akatoa kijitabu cha mazoezi sita, "School of Ragtime", akarudia yale yale: piga polepole mpaka uushike mdundo. Humo, juu ya kila zoezi, ameweka mstari wa ziada wa noti usiopigwa, na vistari vya nukta vinavyoonyesha kila noti iliyokwepa pigo inadumu kwa muda gani hasa. Mtu aliyehangaika kuchora vistari vile hakutaka uvipite kama basi lililochelewa.

Kushoto kunatembea kama gwaride: besi, noti za pamoja, besi, noti za pamoja. Kulia kunaingia katikati ya hatua, mara kunawahi, mara kunang'ang'ania. Msikilizaji asiposikia hatua, atamsikiaje anayezikwepa? Ukikimbiza, inabaki mvua ya mawe juu ya bati.

Wanaopenda mbio watakutajia karatasi za matundu za piano ya kujiendesha alizozirekodi Joplin mwaka 1916. Karatasi hiyo huenda kwa kasi anayotaka mwenye mashine, na Joplin wakati ule alikuwa mgonjwa. Alifariki tarehe 1 Aprili 1917. Huo si ushahidi wa kasi.

Kwa hiyo shusha metronomu hadi mwendo wa mtu anayetembea. Piga kushoto peke yake: ukishaachia besi, mkono uwahi kufika juu ya noti zinazofuata, vidole viguse funguo kabla ya kubonyeza. Kigasha kikianza kuuma, funga piano siku hiyo. Kikiuma hata ukiwa umepumzika, nenda kwa daktari, si kwa huyo wa "mwili utazoea". Hatakuwepo siku utakaposhindwa kushika kikombe.

Hizo noti zilizorahisishwa nazo huwa zimeondolewa oktava za kushoto (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja), yaani miguu yenyewe ya gwaride. Na wanaoziuza ndio hao hao wanaouza "piano kwa siku saba". Joplin alifundishwa tangu utotoni huko Texarkana, Marekani, na Julius Weiss, Mjerumani, na "Maple Leaf Rag" ilipochapishwa mwaka 1899 alikuwa na miaka kama thelathini. Siku saba!

Juzi kijana mmoja alinipigia kurasa mbili nzima akifuata taa za rangi kwenye simu, bila kukosea. Nikaizima simu, nikamwomba aanzie mstari wa tatu. Akaniuliza mstari wa tatu ni upi.