Nimealikwa mgahawa wa Kikorea wa nyota, je niseme ninachokula na nisichokula?

Barua tatu za toleo hili zote zimeangukia sehemu moja, ile migahawa ya kisasa ya Kikorea ya bei kubwa ambako huagizi chakula, shefu ndo anakupangia kozi moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana ina mambo mengi.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mtumishi wa halmashauri huku Kigoma, nyumbani ni Ujiji. Nimepata nafasi ya kwenda mafunzo Seoul na kwenye ratiba kuna siku mwenyeji wetu, profesa mtu mzima, anatupeleka kula mgahawa wenye nyota za Michelin, zile kitabu cha Michelin kinazowapa migahawa bora, tatu ndo juu kabisa. Nimeangalia picha, sahani kubwa chakula kiduchu. Vijiti sijawahi kushika, nguruwe sili, pombe situmii, na naona aibu kumpa masharti mtu aliyenialika. Nifike tu nile kinacholika au nimwambie? Na hivi vitu vinashibisha kweli? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari. Mwambie, na umwambie kabla hujapanda ndege.

Naelewa aibu yako inatoka wapi. Kwetu mgeni anakula alichokuta, na kama kuna kitu hukipendi unakwepa upande huo wa sinia na hakuna anayekuona. Kule kila mtu anawekewa sahani yake mbele, menyu ni moja kwa meza nzima, samaki kanunuliwa kwa hesabu ya viti, supu imeanza kuchemka asubuhi au jana yake. Ukisema mapema jikoni wanakupangia kitu kingine na unakula sambamba na wenzako, ukisema umeshakaa watakuondolea tu kile kipande na profesa wa watu atakaa na donge moyoni kuona mgeni wake anaangalia sahani nusu tupu. Huko ndo kumsumbua. Migahawa ya aina hii wakati wa bukingi huwa wanauliza nani ana mzio na nani hali nini, kwa hiyo mwenyeji wako akiulizwa awe na la kujibu.

Na useme kwa ukamilifu, usiishie "sili nguruwe". Wakorea wanatia pombe ya mchele kwenye nyama na samaki ili kuondoa shombo, kwa hiyo sema na pombe ya kupikia hutaki. Nyama ya ng'ombe wao wa kienyeji, hanwoo, wanaisifia sana na huwa inakuja karibu na mwisho, lakini usitegemee imechinjwa kiislamu, kwa hiyo amua mwenyewe msimamo wako na uuandike. Kama samaki na vya baharini unakula vyote waambie hivyo hivyo, utawarahisishia kazi mno maana nchi yao imezungukwa na bahari pande tatu. Vinywaji pia, wenzako wakiletewa mvinyo au makgeolli, pombe yao ya mchele, na we uliza kama wana mpangilio wa chai na juisi, migahawa mingi mikubwa siku hizi inao. Siku nyingine ukitaka kula bila kuuliza uliza nenda Itaewon, mtaa wenye msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, pale pembeni hoteli za halali zipo.

Kushiba utashiba. Kozi zinaweza kufika kumi au kupita, na ukikaa saa mbili mpaka tatu unakula taratibu tumbo linajaa lenyewe. Halafu kuelekea mwisho kabla ya vitamu, mara nyingi unaletewa wali, pengine umepikwa kwenye chungu chake, na supu na vile visahani vyao vya mboga na kimchi, yaani kabichi waliyoichachusha na pilipili. Usijiharakishe mwanzoni ukafika pale umelemewa, maana wali ule ndo chakula chenyewe.

Ila mi nakuomba sana, wakileta kitu chenye rangi ya kahawia kisicho na mapambo, usikipite haraka. Moyo wa mapishi yale uko kwenye michuzi waliyoichachusha, wanaiita jang. Wanachemsha soya, wanaiponda, wanaifinyanga matofali, wanayatundika yakauke na yaote ukungu, kisha wanayaloweka kwenye maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo kwa miezi. Yale maji yanakuwa ganjang, sosi ya soya yenyewe, na zile chicha zinakuwa doenjang, na kuna ya tatu ya pilipili inaitwa gochujang. Kadiri inavyokaa ndo inavyozidi kukolea, kuna mitungi ya miaka na miaka. UNESCO waliuingiza utengenezaji wa jang kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2024, na ule utaratibu wa familia kukusanyika kutengeneza kimchi ya kupitisha baridi ulishaingia tangu 2013. Sasa shefu wa kisasa anachukua hiyo hiyo michuzi ya bibi yake anaipeleka kusikotarajiwa. Pale Mingles ya Seoul, ambayo shefu Mingoo Kang aliifungua 2014 na ikapata nyota ya tatu 2025, kitamu chao kinachojulikana sana kinatumia zote tatu, doenjang, ganjang na gochujang, pamoja na aiskrimu ya vanila. Mtu anayebugia tu hawezi kuyaona haya, na ndiyo yanayolipiwa. Kwenye migahawa ya nyota tatu chakula cha jioni ni zaidi ya won 300,000 kwa kichwa, yaani zaidi ya laki tano za kwetu, kwa hiyo mwenzio amekuheshimu kweli kweli.

Adabu za mezani hazitakushinda. Mkubwa ndo anaanza, profesa asipogusa kijiko na we tulia. Ukipokea kitu kwake pokea kwa mikono miwili. Wali na supu ni kwa kijiko, bakuli linabaki mezani huliinui, na vijiti usivisimamishe kwenye wali maana hivyo ni mambo ya matanga. Vijiti vyao ni vya chuma, vinateleza, kwa hiyo fanya mazoezi hapo nyumbani na maharage makavu, na vikikushinda omba uma. Ukimaliza usiache tipu, Korea hawana desturi hiyo.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mdogo wangu anaishi New York, mama anaenda kumtembelea, na yeye amekazana ampeleke mgahawa wa Kikorea wa zaidi ya dola 300 kwa mtu, eti mama hajawahi kula pazuri. Mi nimemwambia huo ni wazimu, hiyo hela si amtumie mama amalizie nyumba. Nani yuko sahihi? (Dada mtu, Mwanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Neno wazimu liondoe, kijana anampenda mama yake na hela ni ya jasho lake. Lakini mama mwenyewe ameulizwa? Kukaa masaa karibu matatu, samaki mbichi, vitu vya kuchacha, maelezo kwa Kiingereza, kuna mama atafurahi kama mtoto na kuna mama atavumilia tu kwa ajili ya mwanawe. We unamjua, yeye anamjua, mpigieni simu mumuulize.

Kama mama mwenyewe anatamani, ukweli ni kwamba mji ule una migahawa hiyo ya hali ya juu kabisa. Jungsik ilianza Seoul 2009 ikafungua New York 2011, na mwishoni mwa 2024 ikawa ya kwanza ya Kikorea nchini Marekani kupewa nyota tatu. Atomix ya Junghyun Park na mkewe Ellia ipo tangu 2018, pale kila kozi inakuja na kadi iliyoandikwa ni nini na kimetoka wapi, kitu ambacho mi nakipenda sana maana mgeni habaki anabahatisha. Ila mdogo wako apige hesabu yote, juu ya bei kuna kodi ya karibu asilimia 9 na tipu ya kama asilimia 20, bado vinywaji. Wale wale wenye Atomix wana mgahawa mwingine, Atoboy, wa tangu 2016, bei yake iko chini mno, unakula kozi chache pamoja na wali. Mi ningekuwa yeye ningempeleka mama huko, na kinachobaki kinunue bati.

SWALI: Habari shangazi, nina kamgahawa hapa Kibirizi, nataka nijaribu menyu ya kozi kama ya Wakorea kwa wageni wanaokuja kuvuka kwenda Gombe. Vitu vyao nitavipata wapi? (Mpishi)

JIBU: Nzuri mwanangu. Usivitafute vyao, anzia na unachokipata kila siku. Wakorea msingi wa supu zao nyingi ni samaki wadogo waliokaushwa, wanawatoa kichwa na matumbo ili supu isiwe chungu, wanawakaanga kidogo bila mafuta halafu wanawachemsha taratibu kwa dakika kama 15 pamoja na mwani na kuchuja. Hao samaki wadogo wamekaa kama dagaa zetu, na we unalala jirani na mwalo. Chagua dagaa waliokauka vizuri wasio na mchanga, fanya vivyo hivyo, mwani acha, weka kitunguu na tangawizi. Hiyo ni kozi ya kwanza, ndogo, kwenye kikombe, ya moto. Baadaye leta mgebuka wa kuchoma kipande kimoja, kisamvu kilichoungwa mawese, mwisho kabisa ugali wa muhogo kidogo na mchuzi.

Kozi tano zinatosha kuanzia. Kumi zitakuvunja mgongo kama jikoni mko wawili. Na wageni waulize wanachokula na wasichokula siku wanapoweka oda, ili ukienda sokoni uwe unajua.