Maswali ya Wasomaji: Nukta mbili, pande tatu

SWALI: Nukta A ni (2, −1, 3), B ni (5, 3, 15). Kitabu kinasema umbali kati yake ni 13. Mimi kila nikirudia napata 12.53. Nakosea wapi? Halafu, kanuni hiyo ya umbali yaweza kunisaidia kukata waya wa umeme kutoka kona ya sakafuni hadi kona ya darini iliyo mkabala? Chumba ni mita 4 kwa 3, kimo mita 3.
— Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Kitabu kiko sahihi. Umekwama kwenye ile −1. Kutoa namba hasi ni kujumlisha: 3 − (−1) = 4. Wewe umefanya 3 − 1 = 2, ndiyo maana ukapata kipeuo cha pili cha 157.

Tofauti kati ya namba za B na za A ni 3, 4 na 12. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 9, 16, 144. Jumla 169, kipeuo chake cha pili 13. Ukianza na B badala ya A ni sawa tu, ila angalia kalkuleta: nyingi ukibonyeza −4² bila mabano hukupa −16. Andika (−4)².

Ni Pythagoras yuleyule wa pembetatu yenye pembe mraba, mara mbili. Tofauti za 3 na 4, ukizichora kama ziko sakafuni, zinatoa mshazari wa 5. Huo 5 unakuwa kitako cha pembetatu iliyosimama yenye kimo 12, na mshazari wake ndio 13. Jibu lazima lizidi tofauti kubwa (12) na lisifike jumla ya zote (19). Kwa bahati mbaya, 12.53 yako inapenya kipimo hiki, kwa hiyo kisikufanye usihakiki alama za hasi na chanya.

Kuhusu waya, kanuni itakupunja. √(16 + 9 + 9) ni mita 5.83, lakini huko ni kukatiza hewani katikati ya chumba. Kwa kufuata sakafu na kuta, njia fupi kabisa hupatikana ukiukunjua ukuta wa mita 4 ulale sambamba na sakafu: mstatili wa 4 kwa 6, mshazari √52, yaani mita 7.21. Ukipitia kuta mbili bila sakafu ni √58, mita 7.62.

Hata hivyo fundi makini halazi waya mshazari ukutani. Anayekuja kutoboa baadaye atajuaje ulipopita? Huupandisha wima, kisha huupitisha mlalo: 3 + 4 + 3, mita 10, na ziada kila ncha ya kuungia.