Nameza dawa ya tezi kila siku, mbona bado nachoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa rovu, tezi ikatolewa yote, na tangu hapo kila asubuhi nameza levothairoksini, dawa ya kuziba nafasi ya homoni ya tezi, pamoja na kidonge cha kalsiamu. Hata hivyo, ikifika saa sita mchana nakuwa hoi. Je, niombe kuongezewa dozi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla ya kufikiria kuongeza dozi, tuhakikishe kwanza kwamba hiyo uliyo nayo inaingia mwilini, maana vidonge hivyo viwili havipaswi kumezwa pamoja. Kalsiamu huishika levothairoksini ndani ya utumbo na kuizuia isifyonzwe, na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu ya madini ya chuma, hufanya vivyo hivyo. Vitenganishe kwa saa nne. Usiache kalsiamu kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa kuwa upasuaji wa tezi huweza kudhuru vitezi vidogo vinavyorekebisha madini hayo katika damu. Ukihisi ganzi midomoni au vidoleni, rudi hospitali upesi.

Levothairoksini imezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Hapa Mbeya, mgonjwa nikimwuliza anamezea nini, mara nyingi hujibu kwamba ni chai, na nikiendelea kudadisi nakuta ni chai ya maziwa, au uji wa lishe ambao unga wake umesagwa pamoja na soya. Maziwa na soya vyote hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa, na kahawa nayo, hata ikiwa ile nzuri ya Mbozi, haina budi kusubiri. Kama asubuhi unakimbizana na kengele, zungumza na daktari wako kuhusu kuimeza wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya chakula cha jioni, mradi uimeze wakati ule ule kila siku.

Baada ya marekebisho hayo, pima TSH, yaani homoni ya damuni ambayo hupanda mwili ukikosa homoni ya tezi ya kutosha, baada ya wiki sita hadi nane. Dawa hii hutoka mwilini polepole, nusu yake ikichukua takribani wiki moja, kwa hiyo kipimo cha mapema zaidi kitakupotosha. TSH ikiwa juu, ndipo daktari ataongeza dozi. Ikiwa ya kawaida na uchovu ungalipo, omba upimwe wingi wa damu, sukari na vitamini B12, kwa sababu dozi kubwa haitibu upungufu wa damu; itakachokuletea ni moyo kwenda mbio na, baada ya muda mrefu, mifupa kudhoofika. Eleza pia kama unakoroma sana usiku, maana usingizi mbovu nao huchosha.

Baridi ya Njombe mwezi Juni na Julai humtetemesha hata mwenye tezi nzima, kwa hiyo kuhisi baridi usikufanye kigezo cha kwamba dozi haitoshi, isipokuwa kunapoandamana na kukosa choo, ngozi kukauka au uso kuvimba.

Kwa sasa, kazi nzito kama kusahihisha madaftari ifanye asubuhi ungali na nguvu, upumzike kwa nusu saa mchana, na jioni utembee kidogo badala ya kulala moja kwa moja. Siku ya kliniki, beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata zile za duka la dawa mtaani.