IST ilishakula mzinga, niichukue au niachane nayo?

SWALI: Shikamoo anko, mi msomaji wako wa siku nyingi, niko Tabata. Nimepata Toyota IST ya 2004, namba D, silva, jamaa anataka milioni 7 na nusu wakati nyingine nilizoziona za umri huohuo zinaanzia 10. Hajanificha, kasema ilikula mzinga Chalinze, yaani iligongwa kwa mbele, mwenye nayo akalipwa na bima, yeye akaichukua mnadani akainyoosha. Ukiiangalia huwezi jua, injini kimya, AC inapuliza vizuri. Mke wangu anasema tuchukue maana ndo hela tuliyonayo na ndo itapeleka watoto shule. Dalali nae hatulii, kila siku eti kuna mtu anakuja na hela kesho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mtu wa kesho usimhangaikie, namsikia toka nakua na sijawahi kumuona amefika.

Kuna neno umelipitisha harakaharaka kwenye barua yako, bima walimlipa mwenyewe halafu gari ikaenda mnadani. Bima sio watu wa kutoa hela kirahisi, wakiona gari inatengenezeka wanaipeleka gereji, wanalipa bili, kesi imeisha. Wakikubali kumlipa mtu gari nzima halafu wakauza salvej, yaani gari iliyoharibika kama ilivyo, manake walipiga hesabu ya matengenezo wakaona hailipi. Sasa jamaa yako kainunua, kainyoosha, kapiga rangi, anauza 7 na nusu na faida yake imo humohumo, kwa hiyo kuna mahali alibana na we ndo unatakiwa upajue kabla hujatoa hela.

Mi gari iliyogongwa siiogopi. Bampa, fenda, boneti, taa, hata mlango, hivyo vinafungwa na bolti tu, unatoa kibovu unafuata kingine kwa wauza spea wa Gerezani, maisha yanaendelea. Hata minada ya Japani gari iliyobadilishwa fenda peke yake haihesabiwi kuwa ya ajali, ile R kwenye karatasi ya mnada wanaiweka pale mifupa ya bodi ilipoguswa. Na IST haina chesisi ya peke yake kama Land Cruiser, bodi ndo chesisi yenyewe, kwa hiyo mzinga ukifika kwenye yale mabati mazito mawili yanayoenda mbele pembeni ya injini, hapo umegusa mfupa.

Niliwahi kuchukua Corolla iliyogongwa nyuma, nikaambiwa imegusa tu. Masika ya kwanza gari ikaanza kunuka kama gunia bichi. Nikafunua kapeti ya buti, nikatoa tairi la spea, chini maji yamejaa kama beseni na welding imepita zigzaga, juu wamepaka silikoni ya bafuni, ile nyeupe kabisa. Niliiuza kwa hasara, na nilimwambia ukweli aliyenunua ndo maana hasara ikawa kubwa.

Kwako kinachonitisha zaidi ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigongwa. Mzinga wa mbele tena hairoad, kuna uwezekano mkubwa zilifumuka, na eabegi ni mahali pa kwanza pa kubana hela kwa sababu hazionekani. Weka swichi ON bila kuwasha injini uangalie taa yake, inatakiwa iwake sekunde chache izime. Ikigoma kuzima mfumo una shida. Isipowaka kabisa ndo mbaya zaidi, huenda kuna mtu kaichomoa ili usiulize. Vuta na mikanda ya mbele, ikiwa imeganda au haijirudi ushapata jibu. Angalia na dashibodi upande wa abiria kama rangi yake inafanana na kwingine.

Ukivuka hapo tafuta fundi bodi wako mwenyewe, sio wa dalali, iingie shimoni aone hayo mabati, halafu mwende nayo barabara nzuri uachie usukani kidogo uone inavutia wapi. Muuzaji akianza visingizio vya kwenda kwa fundi, rudi nyumbani.

Ila ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, kwa gari ya watoto ningekwambia hiyo 7 na nusu tafutia Vitz iliyopauka rangi yenye bolti za boneti ambazo hazijawahi kuguswa na spana. Mama watoto atanuna wiki moja hivi. Ukienda kuiona hiyo IST kabla hujaamua, nipigie picha pale kwenye taa za dashibodi swichi ikiwa ON unitumie.