Kosa Si Lako: Maswali na Majibu ya Simu, Wi-Fi na Makero Mengine

Maswali yamerundikana, basi leo nayajibu kwa mkupuo. Kwa wageni wa safu hii: mimi si fundi na siuzi simu. Ni mtumiaji kama nyinyi, ila nina mdomo. Nilichokiona katika barua za safari hii ni kwamba karibu kila mmoja ameanza kwa kujitetea: "pengine ni mimi sijui kutumia", "labda ni uzee". Jamani, kitu umekinunua kwa pesa zako na sasa kinakusumbua. Wa kwanza kushukiwa awe aliyekitengeneza. Wewe ngoja foleni.

Simu yangu ina miaka mitatu. Tangu niikubalie apdeti imekuwa nzito, hata kufungua namba nangojea. Kijana wangu asema kampuni hufanya makusudi ili tununue mpya. Ni kweli? (Baba wa watatu, Changamwe)

Kijana wako hakuyaokota barabarani. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba iPhone za zamani zilikuwa zikipunguzwa kasi kupitia apdeti. Sababu waliyoitoa ni betri: ikichoka hushindwa kutoa nguvu nyingi kwa ghafla na simu huzimika, kwa hiyo wakaona bora iende polepole kuliko kuzima mkononi mwa mtu. Sababu haina ubaya. Kilichowaudhi watu ni kufichwa. Mtu angeambiwa mapema angebadilisha betri akaendelea na maisha, badala yake alikwenda dukani kununua simu nzima. Mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 huko Marekani ili kumaliza kesi. Huku kwetu hatukuonja hata senti.

Yako lakini naishuku memori. Simu iliyoandikwa gigabaiti 32 haikupi 32, maana mfumo wake wenyewe hukalia sehemu kubwa kabla hujapiga picha hata moja. Kisha waja wageni: kundi la harusi, kundi la matanga, kundi la mtaa, na ile video ya "sambaza kwa watu kumi" ambayo umeipokea kutoka makundi yote matatu. Nafasi ikibakia kiduchu, simu hukosa pa kugeukia. Ingia WhatsApp, sehemu ya mipangilio, utafute hifadhi na data. Hapo itakupangia mafaili makubwa kwanza, ufute bila huruma. Ukitoka hapo zima ile tabia ya kupakua picha na video bila ruhusa yako. Ikiwa bado yaburura miguu, muulize fundi unayemwamini bei ya betri. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya bei ya simu mpya.

Apdeti za usalama usizikatae kwa hasira, hasa kama simu hiyo ndiyo yenye pesa zako. Ziruhusu kwa Wi-Fi pekee, zisikumalizie bando usiku umelala.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zatua hapa hapa Mombasa. Mbona Wi-Fi yangu haifiki chumba cha pili? (Mwenye nyumba, Kibokoni)

Ni kweli zatua hapa. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusinzia. Wengi wetu tulikuja kuzijua nyaya hizo siku ziliposumbua: Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikalalamika. Lakini waya kutua Mombasa hakukupi upendeleo wowote. Ni sawa na kuishi karibu na bomba kuu la maji: lapita mlangoni, na mfereji wako bado mkavu. Kutoka ufukweni hadi kwako kuna kampuni, kuna nguzo, kuna kifurushi ulicholipia na kuna majirani mnaogawana nao.

Kwako wewe, hata hivyo, mshukiwa wa kwanza ni ukuta. Nyumba za Mji wa Kale, kama hizo zenu za Kibokoni, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli kweli. Zatufaa kwa ubaridi, lakini mawimbi ya Wi-Fi yakizigonga hufika upande wa pili yamekwisha nguvu. Kijisanduku chako cha Wi-Fi chenyewe huenda charusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini ni mepesi kuzuilika. Yale ya 2.4 ni ya polepole lakini hupenya vizuri kidogo. Chumba cha mbali tumia ya 2.4. Na ukiweza, kitoe kijisanduku nyuma ya televisheni. Najua ndipo fundi alipokiweka. Mafundi wote hukiweka hapo, maana ndipo waya wao ulipoishia na wao wataka kwenda zao. Kiweke juu, ukumbini, mahali ambapo mlango husaidia badala ya ukuta kuzuia. Ikishindikana, vuta waya hadi chumba cha pili uweke kijisanduku kingine huko. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutatoboa jiwe, ingawa mtu wa huduma kwa wateja atakushauri hivyo hivyo.

Mkahawani Nyali nimeambiwa nipige picha kimraba ndipo nione bei ya biriani. Simu yangu haikuwa na chaji. Je, niliyekosea ni mimi? (Mpenda biriani, Tudor)

La. Kile kimraba kiitwacho QR kilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kwa vipuri chafaa sana. Mwenye mkahawa aweke karatasi moja mezani. Akisema hana, ondoka. Biriani Mombasa haijaadimika.

Nilikuwa ufukweni Shelly, simu ikarowa kidogo. Sasa yakataa kuchaji, yaandika kuna unyevu. Nimeitia kwenye mchele. Niitoe lini? (Binti wa Likoni)

Itoe sasa hivi, na mchele upikwe au utupwe, shauri yako. Apple katika maelekezo yao wamekataza kabisa kutia simu kwenye mchele, kwa kuwa vipande vidogo vya mchele vyaweza kuiharibu. Pamba na pini za nguo pia zikae mbali na tundu la chaja. Ishike simu tundu likielekea chini, igongegonge taratibu kwenye kiganja maji yatoke, kisha iache mahali penye upepo. Pangaboi yatosha. Usiichaji mpaka onyo limeondoka, hata likikaa siku nzima. Stima ikipita penye maji ya chumvi ndipo vile vichuma vya ndani hulika, na onyo lile, japo lakera, latetea simu yako.

Muuzaji alikwambia haiingii maji? Zile alama za IP67 na IP68 ni za majaribio ya maabara kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya na imetulia. IP67 ni mita 1 kwa dakika 30. Bahari ya Hindi haikuwemo. Kisha soma karatasi ya dhamana: mara nyingi utakuta uharibifu wa maji hawaulipii. Wakuuzie kwa sifa ya kuogelea, halafu ikizama ni shauri yako! Hili huniudhi kuliko yote ya leo.

Sisi wa pwani hata bila kuitumbukiza simu, hewa yetu ina chumvi. Tundu la chaja lililoshika kutu ya kijani ni jambo la kawaida huku. Na kaskazi ikiingia, usiiache simu juu ya dashibodi ya gari. Apple hutaja nyuzi 0 hadi 35 kuwa joto la kutumia simu zao, na ndani ya gari lililofungwa juani hesabu hiyo hupitwa mapema. Ikikataa kuchaji kwa joto, ipeleke kivulini. Usiitie kwenye friji, nakuomba.

Pawabenki yangu imeandikwa 20,000, simu yangu 5,000. Hesabu yangu ni mara nne, lakini napata mara mbili na nusu tu. Nimeuziwa feki? (Dereva wa tuktuk, Mwembe Tayari)

Huenda si feki. Ile 20,000 ni ya mAh, kipimo cha uwezo wa betri, na hupimwa kwenye betri za ndani, ambazo ni za volti 3.7. Ili kuichaji simu, pawabenki hupandisha hadi volti 5 au zaidi, na kwa volti 5 ile 20,000 yawa 14,800. Sehemu nyingine hupotea kwa joto, ndiyo maana waisikia ikipata moto, na simu nayo hupoteza chake ikipokea. Mara mbili na nusu ni matokeo ya halali. Kampuni zajua haya yote, lakini namba kubwa ndiyo iuzayo. Tafuta maandishi madogo ya "Wh", kipimo cha nishati yote iliyomo: 20,000 mara 3.7, ugawe kwa 1,000, yako ni 74. Namba hiyo utaihitaji ukipanda ndege, kwa kuwa mpaka 100 huruhusiwa, tena kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini. Feki halisi ni ile iandikwayo 50,000 na ni nyepesi kama kiberiti.

Napata meseji za vitisho kutoka programu ya mikopo kuhusu deni la mtu niliyesoma naye zamani. Mimi sikukopa wala sikumdhamini. Namba yangu waliitoa wapi? (Mwalimu, Bamburi)

Kwenye simu yake. Alipoisakinisha programu, iliomba kusoma majina yote aliyoyahifadhi, naye akakubali kwa kuwa alikuwa na shida na kitufe cha kukataa hakikuwa na mkopo. Wewe umeuzwa bila kuwepo sokoni.

Sheria iko upande wako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zawakataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya namba za mkopaji, na pia matusi na vitisho. Google nao tangu 2023 wamezizuia programu za mikopo zilizo dukani kwao kusoma namba na picha za watu. Kuna tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data imewahi kuwatoza wakopeshaji wa aina hii faini za mamilioni ya shilingi. Kwa hivyo usifute meseji hizo. Zipige picha pamoja na namba na tarehe, kisha peleka malalamiko kwa Kamishna, hufanyika mtandaoni. Angalia pia kama mkopeshaji huyo yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Wala usiwajibu kwa hasira, ukijibu wamejua namba yako yafanya kazi.

Na huyo uliyesoma naye usimtangaze kundini. Aibu ndiyo silaha wanayoitegemea.

Wifi yangu hununa akiona nimesoma ujumbe wake na sijajibu. Nifanyeje? (Jina limehifadhiwa)

Alama mbili za buluu WhatsApp waliziingiza 2014, na tangu hapo kuna undugu uliotikisika. Waweza kuzizima kwenye mipangilio ya faragha, lakini nawe hutaona za wengine. Haitakuokoa kote: kwenye makundi alama zaonekana vilevile, na ujumbe wa sauti ukishausikiliza mwenyewe atajua. Wifi mwenyewe hana mpangilio wa kuzima.

Kila nikiandika Kiswahili simu yanigeuzia maneno kuwa Kiingereza. (Wengi, kila mahali)

Ikiwa watumia kibodi ya Gboard, ingia lugha zake uongeze Kiswahili, kipo. Kama kibodi yako haina, zima kabisa kujisahihisha. Afadhali makosa yangu mwenyewe.

Mamangu ana miaka sabini na kitu, Kisauni. Sisi watoto twataka kumnunulia simu ya kisasa, yeye ang'ang'ania kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe. Tumshawishi vipi? (Kifungua mimba)

Kwanza muulizeni yeye anaitakia nini simu. Kabambe hukaa na chaji siku kadhaa, ina vitufe vya kubonyeza, yapokea simu na meseji na M-Pesa yafanya kazi humo bila bando. Kama hayo ndiyo mahitaji yake, mama amewashinda hoja.

Kitu pekee asichokipata ni sura za wajukuu walioko ng'ambo. Kama analitaka hilo, mnunulieni ya kisasa awe nazo zote mbili, na laini ya pesa ibaki kwenye kabambe. Msinunue zile za vitufe zinazouzwa kwa sifa ya kuwa na WhatsApp kwa mfumo wa KaiOS: tangu 2024 WhatsApp haipokei watumiaji wapya humo, na bado kuna wauzaji watakaowaapia vingine. Ile ya kisasa ikuzeni maandishi, ondoeni kila picha ya programu asiyoihitaji kwenye kioo, ziacheni mbili tatu tu. Makundi ya ukoo msimtie mpaka aombe.

Kisha mmoja wenu akae naye, yule mwenye subira, si yule anayejua zaidi. Namba ya siri ya M-Pesa aichague mwenyewe, nanyi wote mkiwa nje ya chumba.