Divai gani kwa samaki wa kupaka?

Dada, umesema wageni wa mumeo wanakuja kwenu Nyali Jumamosi, utapika samaki wa kupaka na pilau ya ng'ombe, na mwenye duka amekusukumia divai nyekundu nzito. Mrudishie. Ukakasi wake ukikutana na pilipili mdomo unazidi kuwaka, na kwa samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma. Tui na ndimu vinataka nyeupe yenye uchachu: Chenin Blanc ya Afrika Kusini, yenye utamu kidogo ukiipata. Pilau itaivumilia nyekundu nyepesi kama Pinot Noir.

Adui wenu ni joto. Nyeupe inywewe kwa nyuzi 8 hadi 10. Hata nyekundu itie kwenye friji nusu saa, kwani hutakiwa nyuzi 16 hadi 18, na sebule gani ya Mombasa ina baridi hiyo?

Mkienda kula nje, lile tone la kwanza analokumiminia mhudumu ni la kukagua. Linuse, likinuka kadibodi iliyolowa, chupa imeharibika, irudishe bila haya. Kutoipenda tu si sababu.

Uliza mapema nani hanywi, umwekee madafu. Anayetumia dawa, hasa antibiotiki iitwayo metronidazole, amuulize kwanza daktari au mfamasia. Madereva nao waitiwe teksi.