Shokapu za pikipiki ya theluji ya zamani: kuzifungua au kununua mpya?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama shokapu zilizochoka za pikipiki yako ya theluji ya mwaka 1998 zifunguliwe au zibadilishwe, anza kwa kutazama umbo lake: yenye kifuniko cha hesi au klipu hufunguka, lakini iliyobanwa au kuchomelewa kiwandani hubadilishwa nzima. Kisha pitisha ukucha juu ya kile chuma kinachong'aa, kiingiacho na kutoka. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, usihangaike na sili mpya, yaani raba ya kuzuia mafuta, maana itachanika na mafuta yatavuja tena. Nakusihi, usifungue shokapu yenye naitrojeni kabla ya kutoa gesi, kwani shinikizo lake hujeruhi vibaya. Za mbele, ningezitengeneza zote mbili pamoja.